Mhudumu wa afya ya jamii akilipwa, moyo haumtoki

Imezoeleka kusemwa kwamba mhudumu wa afya ya jamii akilipwa, moyo wa kujitolea humtoka na wanakijiji humwona mtu wa serikali. Sivyo. Ethiopia ilianza mpango wake mwaka 2003: wanawake wakachaguliwa vijijini mwao, wakasomeshwa mwaka mzima, wakaajiriwa kwa mshahara. Zaidi ya 30,000 waliingia kazini, na chanjo na uzazi wa mpango vikafika kusikokuwa na daktari. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo likapendekeza walipwe kulingana na kazi. Kenya ilipanga mwaka 2023 kuwapa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Hiyo ni posho, tena ndogo. Kinachomchosha mhudumu ni kuacha shamba lake akahudumie wengine bila malipo.