Wimbo mmoja mrefu haufanyi albamu ya dhana

Mazungumzo ya muziki wa metali yakigusa Ugiriki ya kale, hukawii kumsikia mtu akiitaja The Odyssey ya bendi ya Symphony X, iliyotoka mwaka 2002, kuwa ni "albamu ya dhana inayosimulia utenzi wa Homer". Homer yumo kweli. Albamu ya dhana ndiyo haimo.

Albamu ya dhana ni ile ambayo nyimbo zake zote zinabeba kisa kimoja au wazo moja, kiasi kwamba ukizipangua mfuatano wake unapoteza kitu. Basi, maana yenyewe ni hiyo tu. Scenes from a Memory ya Dream Theater, ya mwaka 1999, ni mfano safi: Nicholas anapumbazwa na mganga wa akili, anarudi kwenye maisha ya msichana aliyeuawa mwaka 1928, na ukiruka nyimbo mbili tatu hujui tena nani kamuua nani.

Sasa rudi kwenye The Odyssey. Nyimbo ni nane. Mmoja umetokana na hadithi ya Edgar Allan Poe ya mfungwa ambaye kisu kinachobembea kinamshukia kifuani. Mwingine unaendeleza wimbo ulioanza kwenye albamu yao ya miaka ya nyuma. Katika saba za kwanza Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer, humwoni hata kivuli. Anaingia kwenye wa nane, wenye dakika 24 na sehemu saba: muziki wa ufunguzi, safari ya kurudi kwao Ithaca, jitu la jicho moja, Circe mchawi, Sirens na nyimbo zao za kuangamiza mabaharia, mazimwi ya baharini Scylla na Charybdis, kisha mwisho wa wale wachumba waliojazana nyumbani kwake wakimtaka mkewe.

Na ni wimbo mzuri, sibishi. Hata namna ulivyounyoosha utenzi inavutia. Homer haanzi na safari. Anaanza na mtoto wa Odysseus, Telemachus, ambaye baba yake hajulikani aliko, na Odysseus tunamkuta amekwama kisiwani kwa mungu wa kike Calypso. Mambo ya jitu, Circe na Sirens anayasimulia Odysseus mwenyewe, akiwa mgeni wa mfalme Alcinous, katika sehemu ya 9 hadi ya 12 kati ya 24. Symphony X wameyapanga kama yalivyotokea, Telemachus na Calypso hawakupewa sehemu zao, na Russell Allen anaimba kwa nafsi ya shujaa. Kwa dakika 24 huo ni uamuzi wa busara.

Lakini diwani inayofungwa kwa utenzi mrefu hubaki kuwa diwani, hata kama jina la utenzi huo ndilo lililowekwa kwenye jalada. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: jina ni la Homer, na wimbo mkubwa kuliko yote ni wake, basi wanadhani na zile saba nyingine ni zake.

Kwa hiyo ukiisifu, sema ni albamu yenye wimbo wa dakika 24 juu ya Odysseus, hujaipunguzia kitu. Na kama unataka albamu ya dhana kutoka kwa jamaa haohao, ipo: V: The New Mythology Suite, ya mwaka 2000, kisa cha Atlantis, kisiwa kinachosimuliwa kuwa kilizama baharini. Ila Atlantis nayo, tafadhali, imetoka kwa mwanafalsafa Plato. Msimbebeshe Homer.