Kwanini jina lako halikai kwenye ndoo, na radi inahusikaje

Ukiazimisha ndoo msibani hapa Mbeya lazima uandike jina, sasa ukiandika kwa rangi ya mafuta wiki mbili tu unaikwangua kwa kucha inatoka kama ganda la kitunguu, ndo maana wamama wengi wanachoma jina na msumari wa moto. Rangi haina kosa. Plastiki ya ndoo, polithini au polipropilini, ngozi yake ni kaboni na haidrojeni tupu, hamna pa kushikia, hata tone la maji linajikunja kama shanga.

Sisi maabara shida yetu ni hiyohiyo ila tunachobandika ni paladiamu au platinamu, zile metali za kwenye masega ya ekzosi ambazo watu wanang'oa wanauza. Ni vichocheo, zinaharakisha kemikali zingine zibadilike ila zenyewe haziishi. Na kazi inafanyika juujuu tu, kwahiyo ukiweka donge, ya ndani imekaa bure na hela yako. Bora uzitandaze vipunje vya nanomita chache (nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni) juu ya kitu rahisi kama plastiki.

Hapo ndo plazima inaingia (sio ile ya damu jamani), gesi iliyopigwa umeme mpaka elektroni zikang'oka, Irving Langmuir ndo alitumia jina hilo 1928. Radi zetu za Januari ni plazima ila hiyo itaunguza ndoo na nyumba. Ya maabara tunanyonya hewa kwenye chemba, elektroni zinafika nyuzi zaidi ya 10,000 lakini ni nyepesi mno, gesi inabaki vuguvugu na plastiki haiyeyuki. Ukitumia oksijeni ngozi inaota vishikio vya oksijeni, ukitumia amonia inaota vya naitrojeni, paladiamu inavipenda sana hivi. Unatumbukiza plastiki kwenye maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya paladiamu (sio ya mezani, ni paladiamu iliyoungana na kitu kingine), paladiamu inajining'iniza, halafu unaigeuza kuwa metali kwa haidrojeni.

Ila usizubae. Mi nilishaacha sampuli Ijumaa, Jumatatu tone limeanza kujikunja tena, maana minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za plastiki, inajigeuza vishikio vinazama ndani.

Na kwenye ekzosi usijaribu, polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Hii ni ya kazi za maji, mfano kuondoa naitreti ya mbolea iliyoingia kwenye maji, paladiamu ikiwa na shaba pamoja na haidrojeni inaigeuza naitrojeni ya kawaida, japo nyingine inaponyoka inakuwa amonia, na hiyo hatuitaki kwenye maji ya kunywa.