Maana ya "dharura" katika mhudumu wa dharura

Nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani, Chake Chake, baada ya sala ya alasiri, kijana wa nyumba ile akaja kuaga. Anakwenda Unguja kusomea uhudumu wa dharura. Mzee mmoja pale barazani, mtu mwema na mwenye kuwatakia vijana kheri, akamtazama kwa huruma akamwambia: "Mwanangu, si ungetafuta kazi ya kudumu?"

Kijana akainamisha kichwa, hakujua pa kuanzia. Mzee hakukusudia kumvunja moyo. Alilisikia neno "wa dharura" kama tunavyolisikia katika taa ya dharura au mwalimu wa dharura: kitu cha kuzibia pengo mpaka chenyewe kipatikane. Kwa masikio yake kijana alikuwa anakwenda kusomea ukaimu, akae nafasi ya mtu mpaka mwenyewe arudi likizo. Mwaka huu nimelisikia kosa hili mara ya tatu, na mara zote tatu kutoka kwa watu wanaokijua Kiswahili vizuri. Ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe ni fupi. Mhudumu wa dharura ni mtu aliyefundishwa kumfikia aliyeumia au aliyeugua ghafla, pale pale alipoangukia, amzuie asife wala asizidi kuharibika, mpaka afike mwenye ujuzi mkubwa zaidi au mgonjwa mwenyewe afikishwe hospitali. Si daktari, si muuguzi, na si lazima awe dereva wa gari ya wagonjwa.

Sasa tulitazame neno dharura, maana tatizo lote limejificha humo.

Tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ni herufi dhadi na re mbili. Shina hilo hilo ndilo lililotupa dhara, madhara, na kudhuru. Kwa hiyo ndani ya dharura mna dhara. Mtu aliye katika dharura ni yule ambaye madhara yamemfika au yamemkaribia kiasi kwamba hana tena hiari, amelazimika. Aliyesoma chuoni anakumbuka aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayotaja mzoga, damu na nyama ya nguruwe, kisha ikamwondolea dhambi aliyelazimika bila ya kutamani wala kupindukia mpaka. Neno la Kiarabu lililotumika pale kwa "aliyelazimika" limetoka katika shina hili hili. Kutoka hapo wanavyuoni wakaweka kanuni ambayo maalim wetu alitukaririsha tukiwa wadogo, kabla hatujajua itatufaa wapi: dharura huhalalisha yaliyokatazwa.

Kuna kanuni nyengine inayofuatana na hiyo, na watu wengi huisahau: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa anakula mzoga kiasi cha kumtoa katika kifo. Hali mpaka akashiba, wala hafungi nyama ya mzoga kwenye pakacha akapeleke nyumbani. Naomba msomaji aishike kanuni hii, kwa sababu baada ya miaka ya kukaa na wanaofundishwa kazi hii, sijaona maelezo mazuri zaidi ya mipaka ya mhudumu wa dharura kuliko hayo.

Lakini kwanza niseme linaloniudhi. Siku hizi kila jambo ni dharura. Mtu kachelewa kazini, alikuwa na dharura. Hakuja kwenye kikao, kapata dharura, na dharura yenyewe ni kwamba kafuatana na shemeji yake sokoni. Wanachokusudia ni udhuru, na Waswahili tunalo neno hilo tangu zamani. Udhuru ni sababu inayomwondolea mtu lawama. Mgonjwa ana udhuru wa kutofunga, msafiri ana udhuru, aliyefikiwa na mgeni ana udhuru. Hapana ubaya wowote kuwa na udhuru. Ila shina lake ni jengine kabisa, la aini, dhali na re. Kwa hati za Kiarabu hakuna atakayeyachanganya, kwani dhadi na dhali ni herufi mbili mbali na hata kuzitamka ni mbali. Tulipokuja kuandika kwa hati za Kirumi zote mbili tukaziandika "dh", na maneno mawili yasiyo na udugu wowote yakaonekana kama watoto wa baba mmoja. Nadhani hapo ndipo mchanganyiko ulipopata nguvu. Matokeo yake si madogo: neno likitumiwa kila siku kwa safari ya sokoni, siku ukilipigia kelele mtaani halimwinui mtu kitini.

Wapo pia wanaodhani dharura ni haraka. Hao wapo karibu kidogo, lakini bado wamekosea, na kosa lao linaweza kuua. Jambo la kwanza analofundishwa mhudumu wa dharura ni kusimama. Anasimama, anatazama: pana waya wa umeme uliokatika? Gari iliyopinduka inavuja petroli? Bahari bado inavuta? Kwani akiingia kichwa kichwa, waliokuwa na mgonjwa mmoja watakuwa na wawili. Kisha anafuata mpango usiobadilika: damu inayotoka kwa nguvu, njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, halafu mwili mzima. Mwenye haraka huanza na jeraha linalotisha macho, mguu uliopinda vibaya, na huku mgonjwa anakufa kwa ulimi ulioziba koo.

Tuirudie ile kanuni ya kadiri. Huku Pemba msimu wa karafuu ukifika, watu wanapanda mikarafuu, na matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Mtu anaanguka. Waliopo chini wanamkimbilia kwa mapenzi ya kweli, mmoja anamshika makwapa, mwengine miguu, wanamtia kwenye gari iliyo karibu. Huo ni wema mtupu, na wema huo unaweza kumpoozesha mtu ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa bado mzima. Mhudumu aliyefundishwa anapiga magoti upande wa kichwa, anakishika kwa mikono miwili kisicheze, anasema na mgonjwa asigeuze shingo, na akilazimika kumgeuza anahesabu pamoja na wenzake ili kichwa, mabega na nyonga vigeuke kwa mara moja, kama gogo. Harudishi mfupa mahali pake, hasugui, wala hamwambii ainuke tuone kama anaweza. Atafanya lile linalomzuia asidhurike zaidi, na hapo kadiri yake imefika.

Suala la nguo ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa sauti ya chini. Mwanamke kagongwa na gari, damu inatoka chini ya buibui, na aliye karibu ni mwanamme. Afanye nini? Watu wanadhani dini inamzuia na mafunzo yanamwamrisha. Si hivyo, vyote viwili vinasema neno moja. Nguo inakatwa pale inapotoka damu, kwa sababu jeraha usiloliona huwezi kulikandamiza. Akiwepo mwanamke aliyefundishwa, yeye ndiye wa mbele. Asipokuwepo, mwanamme anafanya, mwengine anashikilia kanga kuzuia macho ya watu, kisha mgonjwa anafunikwa tena. Mafunzo ya tiba yameliweka hilo la kufunika kama hatua yao wenyewe, kwa sababu aliyepoteza damu akipoa mwili damu yake inazidi kutoganda. Nilipolieleza hivi mbele ya kina mama wa kijiji kimoja upande wa Micheweni, mama mmoja alishusha pumzi akasema, "Basi kumbe mnatujali." Sijaisahau kauli hiyo.

Mifano ya namna hii ni mingi. Damu ikitoka mguuni kwa kuruka, na kukandamiza hakujafaa, hufungwa mkanda mpana upande wa juu wa jeraha, si kwenye maungio kama goti, ukakazwa mpaka damu isimame, na saa ya kufunga ikaandikwa, maana mguu nao haukai siku nzima bila ya damu. Moyo ukisimama, kifua hubonyezwa katikati, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Aliyezama baharini huanzwa kwa pumzi, kwa sababu yeye moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Haning'inizwi kichwa chini wala hakamuliwi tumbo ili atoe maji. Hili la mwisho watu wa pwani tunalifanya kwa nia njema tangu zamani, na linapoteza dakika ambazo mtu huyo hana.

Nalitaja la bahari kwa sababu sisi tunalijua kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Katika ile ya kwanza zaidi ya watu 600 walitolewa majini wakiwa hai, na wavuvi wa ufukweni walikuwa miongoni mwa waliotoka na vyombo vyao. Dharura haichagui mahali penye hospitali. Humkuta aliye karibu, na aliye karibu ama anajua la kufanya ama hajui.

Baada ya misiba kama ile neno linalosemwa sana ni ajali. Nalo lina asili yake. Kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, na kwa Kiswahili cha zamani ajali ni ule mwisho aliopangiwa mtu, ndipo tukasema ajali haina kinga. Siipingi imani hiyo, ni yangu pia. Ila naona tunaliharakisha neno. Mtu yungali anapumua, pembeni yake wanasema ajali yake imefika. Hatujui kama imefika. Tunachokijua kwa yakini ni kwamba yupo katika dharura, na aliye katika dharura ana haki juu ya aliye karibu naye. Tena si kila dharura ni ajali: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mzee aliyepooza mdomo upande mmoja ghafla, mtoto mwenye degedege, hakuna aliyegongwa wala kuanguka hapo, na wote ni wa mhudumu huyu huyu.

Kuhusu huduma ya kwanza sina mengi. Hiyo ni elimu ambayo kila mtu mzima angeipata kwa siku moja au mbili, na mhudumu wa dharura anaanzia hapo na kuendelea. Marekani, ambako ngazi zimepangwa rasmi, zipo nne, na ya mhudumu wa dharura ni ya chini kabisa: mafunzo yake ni kiasi cha saa 48 mpaka 60, na ngazi inayofuata ni saa 150 mpaka 190. Hata wao jina liliwasumbua. Zamani walimwita mwitikiaji wa kwanza, lakini polisi na zimamoto nao ni waitikiaji wa kwanza, basi mwongozo wao wa taifa wa mwaka 2007 ukaliongeza neno la tiba na la dharura, ijulikane anaitikia nini. Sisi neno tunalo tayari, na lina uzito kuliko lao. Hapa Zanzibar tunasema Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na hakuna anayedhani uokozi ni kazi ya kushikia nafasi.

Yule mzee wa barazani nilimweleza haya, kwa ufupi zaidi ya nilivyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akamwita kijana arudi, akamshika mkono akamwombea dua upya. Safari hii hakutaja kudumu.

Na juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mmoja wa wanafunzi tunaowafundisha hapa Pemba, binti hodari ambaye tayari anajua kushika kichwa cha aliyeanguka kuliko wakubwa wengi: "Maalim, leo siji darasani, nimepata dharura. Wageni wametufikia kutoka Tanga." Nilimjibu: "Wakaribishe, mwanangu, na uwapikie vizuri. Huo ni udhuru, nimeukubali."