Mti umeoza ndani, kwa nini usikatwe? Dhana potofu kuhusu mbawakawa wa mialoni mizee

Kuna mbawakawa mmoja wa Ulaya anaitwa Osmoderma eremita, mweusi wa kahawia, mkubwa kama sentimita 3 hivi, na maisha yake yote yako ndani ya pango la mti mzee, hasa mwaloni. Anazidi kuwa adimu, na kinachommaliza zaidi ni mambo ambayo watu wanayaamini kuhusu miti.

Cha kwanza wanachosema ni kwamba mti wenye pango ni mfu. Si kweli jamani. Kiini cha mwaloni mzee ni mbao zisizofanya kazi tena, maji yanapanda kwenye tabaka za nje chini ya gome, kwa hiyo kuvu wakikila kiini chote mti bado unatoa majani kila mwaka na unaweza kuendelea hivyo hata kwa karne kadhaa.

Halafu eti mbawakawa ndiye anayeozesha, akiachwa atahamia kwenye miti mizima. Hapana, kuvu ndio wanaotangulia. Jike anataga mayai kwenye ule unga mweusi wenye unyevu unaojaa pangoni, buu anakaa humo kama miaka 3 akila mbao zilizokwisha kuoza, na ukichota kiganja kimoja cha unga huo utaona vinyesi vyake vidogo vimejaa tele, na hivyo vinarutubisha pango kwa wadudu wengine wanaoishi humo humo. Mti mzima hauna chakula chake kabisa.

"Ana mabawa, ataruka aende kwingine." Hili ndilo linaniumiza zaidi. Dume anakaa mlangoni mwa pango anatoa feromoni, yaani kemikali ya kuwaita wenzake, yenye harufu ya tunda la pichi, hata pua ya mtu inainasa, na majike wanaifuata, lakini utafiti wa Sweden ulionyesha kwamba karibu asilimia 15 tu ndio wanaohama mti waliozaliwa, na hao nao kwa kawaida hawafiki mbali, ni mita mia chache tu. Yaani mti mmoja ni kijiji kizima, ukiukata huwafukuzi, unawamaliza, na kama mti mwingine wenye pango uko kilomita kadhaa kutoka hapo basi kwao ni kama haupo.

Sasa ndo inakuja ile ya "tutapanda mingine". Pandeni, ni vizuri sana, ila mwaloni kwa kawaida unaanza kutoboka ndani ukiwa na miaka 150 hadi 200 au zaidi, na hapo katikati mbawakawa ataishi wapi? Kinachotakiwa ni miti ya kila umri jirani jirani, mizee ya leo, ya makamo itakayoipokea kazi, na michanga. Sweden wamejaribu kutundika masanduku ya mbao yenye vumbi la mwaloni na majani, na wadudu wengi wa miti iliyooza waliingia, kwa hiyo yanasaidia kuziba pengo, lakini mbadala wa mti si hayo.

Wengine wanadhani ukitaka kuhifadhi usiguse kitu. Hapana tena! Malisho ya zamani yakiachwa, vichaka na miti michanga inasonga mwaloni mzee, kivuli kinazidi, na huyu mdudu anapenda shina linalopata jua, kwa hiyo inabidi kufyeka kuuzunguka, tena polepole, mti uzoee mwanga.

Na ile ya kwamba mdudu anazuia maendeleo, watu wanakumbuka mji wa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2010, alivyoingia katikati ya mvutano wa miti ya bustani ya Schlossgarten na mradi wa reli. Ndiyo, sheria ya Ulaya ya 1992 inamlinda yeye na makazi yake. Ila mara nyingi ishu ni ndogo kuliko hapo, ni tawi linaloning'inia juu ya njia ya watu. Tawi hilo linapogolewa, au njia inasogezwa pembeni, na shina linabaki limesimama na pango lake.