Hakuna nembo ya ukoo wa Smith
Mtandaoni huuzwa vikombe vyenye ngao na simba, eti ni nembo ya kila mwenye jina la Smith. Si kweli. Uingereza, nembo hupewa mtu mmoja, kisha huirithi wazao wake halali. Wanaoitoa ni College of Arms ya London, ofisi rasmi ya nembo, iliyoanzishwa mwaka 1484. Kufanana jina hakumpi mtu haki hiyo.

Tena Smith si ukoo mmoja hata kidogo! Karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, yaani "smith" kwa Kiingereza, na jina la kazi likabaki kwa wajukuu hata walipogeuka wakulima. Anayetafuta asili yake kweli aanze na rejista za parokia, zilizoamriwa mwaka 1538: ubatizo, ndoa, maziko.