Usiniulize Megapikseli Kabla Hujaniambia Geti Liko Umbali Gani

Kila mtu anayekamilisha nyumba yake ya kwanza, iwe Goba, Kigamboni au Bunju hapa Dar es Salaam, akinipigia simu kuhusu kamera za nje, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Fundi, nichukue za megapikseli ngapi?" Juzi nimeulizwa tena na mama mmoja ambaye alikuwa amekwisha kununua Kariakoo seti ya kamera nne za megapikseli 8, zote zenye lenzi ya milimita 2.8, akiamini kwamba namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo itakayomwonyesha sura ya mtu atakayeruka ukuta. Nimechoka na imani hii. Inawatoa watu fedha bila sababu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mwenye nyumba huigundua siku ile anapoihitaji picha, wakati mwizi amekwisha kuondoka na familia nzima imezunguka simu moja ikiikuza picha kwa vidole. Uso unageuka kuwa miraba ya kijivu, na mtu anauliza, "Fundi, si tuliambiwa hii ni 4K?"

Tufanye hesabu. Kamera ya megapikseli 8, ndiyo inayoitwa 4K, hutoa picha yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 3840 kwa upana, na ya megapikseli 2 hutoa 1920. Pikseli hizo hazimwendei mwizi peke yake. Hutandazwa juu ya kila kitu kilichomo kwenye picha, ukiwemo ukuta wa jirani, mwembe na tangi la maji. Lenzi ya milimita 2.8 kwenye kamera za kawaida huona pembe inayozidi kidogo nyuzi 100, kwa hiyo ukiifunga kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, na geti likawa mita 12 mbele yake, eneo linaloonekana pale getini lina upana wa mita 30 hivi. Gawanya 3840 kwa 30, unapata pikseli 128 kwa kila mita. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 16 hivi, maana yake umebakiwa na pikseli 20 za kuchora macho, pua, mdomo na kovu kama analo. Sasa chukua ile ya megapikseli 2 ambayo watu huidharau, uiwekee lenzi ya milimita 12. Kwa umbali ule ule itaona upana wa mita 6 tu, yaani geti na nafasi kidogo pembeni. Gawanya 1920 kwa 6, unapata pikseli 320 kwa mita, na uso ule ule unapewa pikseli zaidi ya 50. Kamera yenye robo tu ya megapikseli za ile ya kwanza imekupa uso wenye pikseli mara mbili na nusu kwa upana, na kwa bei ndogo zaidi.

Hesabu hii haikutungwa na mafundi wa Dar es Salaam. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kinataja pikseli 25 kwa mita kwa kugundua tu kwamba kuna mtu, 125 kwa kumtambua mtu unayemfahamu, na 250 kwa kumtambua mtu ambaye hujawahi kumwona. Kamera za yule mama, zikifungwa alipotaka zifungwe, zingemwonyesha mdogo wake au kijana wa bodaboda anayemletea mizigo kila wiki, lakini mtu mgeni angebaki kuwa umbo. Hata hivyo, nina mashaka yangu juu ya namba hizi. Mchana nazitegemea. Usiku, kwa mwanga tulionao katika mitaa yetu mingi, nimeona picha zilizotimiza 250 ambazo hazikumsaidia mtu yeyote, na nitaeleza sababu yake baada ya kumaliza habari ya mahali pa kufunga.

Kabla ya kununua chochote, chora kiwanja chako kwenye karatasi, andika umbali kutoka ukuta wa nyumba hadi getini, kisha ipe kila kamera kazi moja. Kuna kamera ya kukuambia kwamba mtu amepita, nayo inaweza kuwa ya lenzi pana na kukaa juu. Kuna kamera ya kukuambia ni nani, nayo lazima iwe na lenzi inayoona eneo jembamba na ikae mahali ambapo mtu hana njia ya kuikwepa, kama mlango mdogo wa geti, mlango wa mbele au ujia ulio kati ya nyumba na ukuta. Ukiilazimisha kamera moja ifanye kazi zote mbili, itazifanya vibaya zote. Kama huna uhakika wa umbali kwa sababu ukuta wa uzio bado haujajengwa, nunua yenye lenzi inayorekebishika kutoka milimita 2.8 hadi 12, umalize mjadala. Kwenye ujia mwembamba, igeuze kamera nyuzi 90 na uweke mpangilio wa picha ya wima, vinginevyo nusu ya pikseli ulizozilipia zitarekodi plasta.

Urefu wa kufunga ndio jambo la pili linaloniudhi. Wenye nyumba za ghorofa hupenda kamera ziwe juu kabisa, mita 6 kutoka chini, ili zisifikiwe. Mtu akisimama mita 5 kutoka ukutani, kamera hiyo inamtazama kwa mteremko wa nyuzi 40 na ushei, na kinachorekodiwa ni kofia, utosi na mabega. Kwa kamera ya uso nafunga kati ya mita 2.5 na 3, ili mteremko usizidi sana nyuzi 15. Hapo mteja huniambia, "Watainyofoa." Wanaweza kujaribu, ndiyo. Ndiyo maana kamera ya chini huchaguliwa yenye ganda la daraja la IK10, ambalo hupimwa kwa pigo la jouli 20, na kamera pana ya juu huelekezwa kwake ili anayeigusa arekodiwe. Isitoshe, picha haimo ndani ya kamera. Imo kwenye mashine ya kurekodia iliyofungiwa chumbani. Kamera ambayo hutunza picha kwenye kadi yake ya kumbukumbu pekee, kama nyingi za Wi-Fi zenye umbo la taa zinazochomekwa kwenye holda ya bulbu, ikiibwa imeondoka na ushahidi wake.

Sasa usiku, kwani huko ndiko kamera nyingi hushindwa. Ukiweka pikseli milioni 8 kwenye kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, chenye ukubwa ule ule uliokuwa wa pikseli milioni 2, kila pikseli inapata robo ya mwanga. Kamera hufidia upungufu huo kwa kuacha shata, yaani mlango wa kupitisha mwanga, wazi muda mrefu. Shata ikishuka hadi sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde, mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, husogea karibu sentimita 12 kabla picha moja haijakamilika. Nimekwisha kusema kwamba uso wenyewe una sentimita 16. Sitisha rekodi ya namna hiyo uitazame kwa karibu: geti limetoka vizuri, tofali unaweza kuzihesabu, maandishi ya namba ya nyumba yanasomeka, na mahali penye kichwa cha mtu pana mkwaruzo mweupe usio na jicho wala pua. Muuzaji dukani alimwonyesha mteja picha ya vitu vilivyotulia, na vitu vilivyotulia havijawahi kuiba.

Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio na kuizuia shata isishuke chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ambayo pia inapatana na umeme wetu wa hezi 50 na kuondoa ile mistari inayocheza chini ya taa. Picha itakuwa na giza zaidi, hilo halikwepeki, kwa hiyo ongeza mwanga. Taa nzuri ya LED getini inainua ubora wa picha ya usiku kuliko kuhama kutoka megapikseli 4 kwenda 8, na bei yake haifanani kabisa na bei ya kamera. Ukinunua kamera, tazama pia namba ya F ya lenzi: F1.0 hupitisha mwanga mara nne ya F2.0. Boksi nyingi huandika namba hii kwa herufi ndogo, nayo ina maana kuliko ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho ambao kamera hutumia gizani, ina matatizo yake. Ukiifunga kamera karibu na ukuta mweupe au chini kabisa ya paa, mwanga wake unadunda kwenye sehemu hiyo ya karibu, kamera inadhani pana mwanga wa kutosha, na geti linatoweka gizani. Joto na mwanga wa kamera huvuta wadudu, buibui wanawafuata wadudu, na uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi hung'aa usiku kama kamba na kukutumia tahadhari hadi alfajiri. Kamera za kuba hukusanya vumbi na unyevu kwenye kioo chao, kisha zinajimulika zenyewe. Kwa nje napendelea zile zenye jicho la duara lisilo na kioo cha kuba. Vilevile, chini ya infraredi koti jeusi la kitambaa cha sintetiki linaweza kuonekana jeupe, kwa hiyo usiende kituo cha polisi ukaapa juu ya rangi ya nguo. Je, ni bora kutumia kamera zinazowasha taa nyeupe na kurekodi rangi usiku? Msimamo wangu hapa haujatulia. Rangi ya nguo ni ushahidi mzuri na taa inayowaka ghafla huwafukuza wengine, lakini mwanga huo unaingia kwenye dirisha la jirani, na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua za vuli unakuwa na wingu la mbawa mbele ya lenzi badala ya geti.

Jua nalo lisisahaulike. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi, likipotoka kwa nyuzi 24 hivi tu kwa kadiri ya msimu. Geti linalotazamwa kuelekea upande mmojawapo litakuwa na mtu mweusi kama kivuli kila asubuhi au kila jioni, saa ambazo watu wanaingia na kutoka kwa wingi. Hapo unahitaji WDR ya kweli ya desibeli 120, yaani uwezo wa kamera kuonyesha penye mwanga mkali na penye giza katika picha moja, au uihamishie kamera upande mwingine wa geti.

Maji na chumvi nitayasema kwa kifupi. IP67 maana yake vumbi haliingii na kamera huvumilia kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Haisemi lolote kuhusu chumvi ya bahari, na haihusu ile konekta inayoning'inia nje. Mbezi Beach na Kigamboni konekta iliyoachwa wazi huota kutu ya kijani, pini zikaliwa, na mteja akaambiwa kamera imeungua. Iingize kwenye kiboksi kilichozibwa, na uache waya ushuke kidogo kabla ya kupanda ili maji ya masika yadondoke pale chini. Waya uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, hasa kama umeme wa kamera unapita humo humo kwa PoE, ambayo mwisho wake ni mita 100.

Diski pia ni hesabu tu. Kamera nne zikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja hujaza gigabaiti 173 hivi kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 2 inatunza siku 11 na nusu. Ukipandisha hadi megabiti 8 kwa ajili ya 4K, siku zinakuwa nusu yake. UPS, yaani betri ya akiba, ihudumie mashine ya kurekodia, swichi ya mtandao inayounganisha kamera, na ruta kwa pamoja, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku, mashine inayowaka bila swichi hairekodi kitu.

Kamera za sola zenye laini ya simu nazifunga kwa wasiwasi. Kihisi chake cha joto hulinganisha joto la mwili na la mazingira, na siku ya Februari yenye nyuzi 33 tofauti hiyo inakuwa ndogo, kwa hiyo huchelewa kuamka na kurekodi mgongo wa mtu anayeondoka. Kwa kiwanja kisicho na umeme hakuna njia nyingine ya maana, ila usiihesabu kuwa sawa na kamera inayorekodi muda wote.

Badilisha nywila ya kiwandani kabla hujaiunganisha mashine na intaneti. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na mashine nyingi za kurekodia duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Na usielekeze kamera uani kwa jirani: picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na karibu kila mashine ina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa boksi jeusi.

Mwisho, usimlipe fundi fedha iliyobaki mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku, zimeni taa za ndani, kisha mtu ambaye fundi hamfahamu aingie getini kwa mwendo wa haraka akiwa amevaa kofia. Mtazame rekodi yenyewe kwenye mashine, si picha ya moja kwa moja kwenye simu, mkiisitisha pale anapopita mlangoni. Uso usipoonekana, fundi apande ngazi abadilishe lenzi, urefu au taa, na jaribio lirudiwe usiku huo huo.