Msumari haugeuzi mpapai dume

Wiki hii nimeulizwa tena kitaluni: "Mpapai wangu ni dume, nipigilie msumari wa inchi ngapi ili uzae?" Hakuna inchi. Si wa nne, si wa sita, si mpya, si wenye kutu. Ng'oa huo msumari kabla hujaua mti.

Mpapai hauna mbao. Shina lake ni laini, limejaa maji, na likishakomaa lina uwazi katikati. Ukilitoboa umeukaribisha uozo, hasa masika.

Jinsia ya mpapai imo ndani ya mbegu tangu siku unayoifukia. Mwaka 1938 watafiti Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii walieleza, kila mmoja kivyake, jinsi inavyorithiwa, na mwaka 2004 watafiti wakaonyesha kwamba inatawaliwa na kromosomu Y, kibeba urithi ndani ya seli, ambayo kimageuzi bado ni changa. Jinsia zenyewe ni tatu: jike, dume na wa jinsia mbili. Hapo kwenye tatu ndipo wengi wanaponipotea, kwa sababu wao kila mpapai usiozaa wanauita dume.

Kwa hiyo kabla hujaniambia una dume, niambie umeona ua gani. Dume la kweli halijifichi: hutoa mashada marefu yenye matawi, yananing'inia mbali na shina, na vijiua vyembamba kama vijibomba. Jike hubana maua yake karibu na shina. Chuma moja lililovimba lakini halijafunguka, ulichane kwa ukucha. Petali tano, yaani vijani vya ua, zitaachana mpaka chini, na katikati utakuta ovari (sehemu inayokuja kuwa tunda) nene, ya mviringo, bila stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) hata moja. La jinsia mbili nalo liko karibu na shina, ila petali zimeungana upande wa chini, ovari ni nyembamba na ndefu, na stameni za njano zimeizunguka. Jike huzaa papai la mviringo. Mti wa jinsia mbili huzaa lile refu linalopendwa sokoni.

Sasa huu wa jinsia mbili ndio unaoupa msumari sifa isiyo yake. Joto likizidi, au maji yakipungua, ovari za maua yake hudumaa. Maua yanabaki na stameni tu, yanachanua, yanapukutika. Mwenye mti anatazama kiangazi kizima bila tunda, anasema hili ni dume, anachukua nyundo. Mvua zinanyesha, hewa inapoa, ovari zinarudi, mti unazaa. Jirani anaitwa aje kuona kazi ya msumari! Kilichofanya kazi ni hali ya hewa, na mti ungezaa vilevile bila kuumizwa.

Tena vitabu vingi vya kilimo vinalipita jambo hili haraka, vinakupa picha tatu safi za maua kana kwamba mti haubadiliki. Shambani mambo yana ukungu. Hata dume halisi, majira yanapobadilika, linaweza kutoa maua machache yenye ovari kwenye ncha za mashada, likazaa vipapai vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni. Nimeviona, na sina kanuni ya kukuambia ni dume lipi litafanya hivyo na lipi halitafanya. Kukata kichwa cha mti nako hukupa matawi mengi zaidi ya dume lilelile. Likizaa baadaye, siwezi kukuapia kwamba panga ndilo lililofanya.

Usikimbilie kufyeka madume yote pia. Kama una majike, dume moja kwa majike kumi hadi ishirini linatosha kuchavusha. Jike lililo peke yake, mbali na chavua yoyote, hupukutisha maua au huzaa vipapai vidogo visivyo na mbegu.

Dawa iko kwenye mbegu na kwenye shimo. Chukua mbegu za papai refu, kutoka mti wa jinsia mbili usio na dume jirani. Kwa wastani, katika kila miche mitatu, miwili itakuwa ya jinsia mbili na mmoja jike, dume hakuna. Mbegu za jike lililochavushwa na dume hugawanyika nusu kwa nusu, majike na madume. Mbegu za papai la aina ya Red Lady usitegemee zikupe Red Lady nyingine, maana ile ni chotara, watoto wake hutofautiana.

Panda miche mitatu kila shimo, achia mita mbili na nusu hadi tatu kati ya mashimo, kwenye tuta kama udongo wako unatuamisha maji. Mpapai uliozamishwa mizizi siku mbili tu unaweza kufa. Samadi iwe imeoza. Subiri maua, kwa kawaida miezi minne hadi sita, zaidi kidogo nyanda za baridi. Yakitoka, chana ua kama nilivyosema, bakiza mche unaoutaka, mingine ikate chini kabisa, usiing'oe ukavuruga mizizi ya uliobaki. Hata kwa mbegu za nusu kwa nusu, uwezekano wa shimo zima kuwa madume matupu ni mara moja katika nane.

Anayekuuzia mche wa kimo cha kiganja akikuapia ni jike kwa kutazama mizizi yake, usimlipe kwa kiapo hicho. Na ukija kwangu kuuliza, niletee ua.